Kamera ya gari ni shahidi asiye na shemeji

Leo tuwaache mastaa wapumzike, tuongee magari. Kuna kitu kimekuwa fasheni hapa mjini: vile vikamera vidogo vinavyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Wengine wanaita dashikamu, mafundi wanasema tu kamera ya gari. Kila nikisimama sheli kuweka mafuta lazima mtu ainame achungulie IST yangu, halafu aulize, "Dada, hiyo inaonyesha mpaka wapi?" Swali zuri, ila mimi ningeanza na lingine. Siku ya siku ikifika, hiyo kamera itaaminiwa?

Maana Tunduma kwa dereva siyo mji wa kawaida. Barabara ya TANZAM inatembea zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, inakuja kutumalizikia sisi mlangoni, na mzigo wa Zambia na Kongo unapita kwenye mlango huohuo. Kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, kilizinduliwa Oktoba 2019 na kweli kimesaidia, lakini foleni ya malori ikiamua kuwa foleni inakuwa tu. Wewe na kagari kako uko katikati ya matela, bodaboda zinapita kulia na kushoto, bajaji inakata mbele, watu wanavusha mzigo kwa baiskeli, na vijana wa magari ya IT wanakimbiza waiwahi Kasumbalesa. Ajali ikitokea hapo, kila mtu ana watu wake kwenye umati. Dereva wa lori ana tanboi na madereva wenzake ishirini nyuma. Bodaboda ana kijiwe kizima. Wewe una nani? Kamera haina ndugu wala shemeji mtaani, ndiyo raha yake. Na ndiyo hatari yake pia, tutafika huko.

Chukua yaliyompata dada yangu mkubwa. Ana Noah, anafuata mchele Kamsamba anauza hapa mjini. Mwaka jana, mchana wa foleni, alikuwa amesimama Mpemba nyuma ya lori lenye tela, namba za nje. Alipokuwa panapanda kidogo. Lori likaachia breki, likarudi nyuma hatua mbili tu za mtu mzima. Kwa Noah, hatua mbili za tela ni taa, bampa, rejeta na boneti.

Dereva akashuka kabla dada hajafungua hata mkanda. "Mama, umenigonga!" Tanboi naye, "Umemgonga kweli!" Na wale wa nyuma ambao hawakuona chochote wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma. Bodaboda mmoja akasema wanawake na magari bwana. Ile hali ambayo wewe uliyekuwepo unaanza kujiuliza kama kweli ulikuwepo.

Trafiki akaja, tena afande mstaarabu tu, akapima kwa tepu, akachora ramani. Tatizo la ramani ya ajali ni kwamba inaonyesha magari yalipoishia, haionyeshi nani alimfuata mwenzake. Na kwa mazoea ya barabarani wa nyuma ndiye hakuacha nafasi, kesi imeisha.

Kamera alibandikiwa na shemeji yangu, yeye mwenyewe alikuwa anaiona urembo. Jioni kituoni ndipo akaikumbuka. Wakafungua. Noah imetulia, chini ya picha kasi imeandikwa 0, tela linazidi kuwa kubwa mpaka linajaza kioo. Chumba kizima kikanyamaza.

Ungedhani yameisha. Kesho yake wakala wa lile lori akaja na hoja, na ilikuwa hoja ya maana. Video ilikuwa imeandikwa 13:02, yaani saa saba na dakika mbili. Karatasi ya mizani ya Mpemba ilionyesha kwamba saa saba lori lilikuwa bado linapimwa. "Hii ni video ya lori lingine, siku nyingine," akasema. Namba ya tela nayo ilikuwa imejaa tope, inasomeka nusu.

Sasa hapa ndipo wa Tunduma tunapotofautiana na mtu wa Morogoro au Arusha. Zambia iko nyuma yetu saa moja. Ukiwa Tunduma simu ikinusa mtandao wa Nakonde inajibadilisha saa yenyewe, wote tumewahi kuchelewa kanisani kwa ajili hiyo. Na kamera nyingi za siku hizi zinachukua saa kutoka kwenye programu ya simu. Simu ya dada ilihamia Zambia bila pasipoti, ikaipeleka na kamera. Ajali ilikuwa saa nane na dakika mbili, kamera ikasema saa saba.

Kilichomwokoa ni redio. Sauti ya kamera ilikuwa imewashwa, na ndani ya Noah redio ilikuwa inasoma muhtasari wa habari wa saa nane, mtangazaji ametaja saa kwa mdomo wake, dakika mbili kabla ya kishindo. Wakala alisikiliza mara mbili, akaomba atoke nje apige simu. Lori lilikuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, ambayo Tanzania iliendelea nayo hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Malipo yalichukua miezi, lakini boneti ililipwa.

Kwa hiyo ukinunua kamera leo, kabla ya kusifia picha, ingia kwenye saa. Weka UTC+3, bora zaidi kama ina GPS ili ipate saa kutoka angani, na kataza programu ya simu isiiguse. Halafu kila Jumatatu ilinganishe na saa ya kawaida. Na nyie mnaonunua magari used ya Japani, sikilizeni. Wakati mwingine gari linakuja na kamera yake imeshabandikwa, menyu yote Kijapani, na mtu anafurahi amepata cha bure. Japani iko mbele yetu saa 6. Maana yake mchana wetu saa nane, kwao ni saa 8 za usiku kwa kuhesabu kizungu, kamera inaandika 8:00. Mwenye gari anaangalia anasema mbona iko sawa, si saa nane hii! Aisee. Siku ya kesi utaambiwa ajali ilitokea usiku na wewe unasema jua lilikuwa linawaka.

Baada ya saa, kadi. Hapa watu wengi wanapigwa. Kamera ya gari hairekodi milele, kadi ikijaa inafuta ya zamani na kuandika mpya juu yake. Picha ya 1080p inakula kama GB 6 hadi 9 kwa saa moja, inategemea kamera. Kadi ya GB 32 basi ni saa nne hivi. Sasa wewe umekwaruzwa asubuhi Sogea, ukasema nitaangalia nikifika nyumbani, halafu ukaingia foleni injini inanguruma mpaka jioni. Ukifika nyumbani kamera itakuonyesha matako ya lori kwa saa nne mfululizo, ya asubuhi imeshafutwa. Chukua GB 64 au 128, na iwe ile aina iliyotengenezwa kwa kamera za kurekodi muda wote, imeandikwa kwenye paketi kwamba ni ya uvumilivu. Kadi ya kawaida ya simu inachoka haraka, na ikifa haikuagi.

Kuna pia kadi feki, zimeandikwa 128 na ndani hakuna hata 10. Kuna programu ya kompyuta inaitwa H2testw, inajaza kadi halafu inaisoma tena. Muuza duka akikuona unataka kupima kwanza na akanuna, ondoka dukani kwake.

Halafu kuna sensa ya mshtuko. Kamera ikihisi kishindo inaifungia video ile isifutwe. Wazo zuri, ila waliolibuni hawajapita matuta ya Mlowo. Ukiiacha kwenye ukali wa juu, kila tuta ni ajali, kila shimo ni ajali, na baada ya wiki kadi imejaa video za matuta zilizofungiwa, nafasi ya kurekodi hakuna. Ishushe iwe ya chini kabisa. Ukigongwa kweli kuna kitufe cha kufunga video, bonyeza kwa mkono, na ukishapaki chomoa kadi.

Kuhusu picha yenyewe sina mengi. 1080p nzuri inatosha mchana, 1440p inasaidia kusoma namba, na hizo 4K za bei ya kutupa nyingi ni maandishi tu kwenye boksi. Lenzi pana kupita kiasi, za digrii 170, zinakuonyesha Tunduma nzima lakini namba ya gari inakuwa kama punje ya ulezi. Mimi napenda za 140 hivi. Usiku na ukungu wa kwetu, lori likikupiga fulu usoni, hakuna kamera itakayosoma namba. Ndiyo maana natunza sauti: nikiona gari limefanya ujinga natamka namba yake kwa nguvu, kamera inarekodi. Wanangu wananiona chizi.

Na ukitamka, angalia unasoma namba ya nini. Tela lina usajili wake na kichwa kina usajili wake. Kamera yako ikiwa nyuma inaona tela peke yake, na kuna siku tela ni la mtu mmoja, kichwa cha mwingine, na dereva anaapa kwamba siku hiyo hakuwa amelifunga lile. Kaka mmoja wa Vwawa alizungushwa wiki tatu kwa namba ya tela tu. Likikupita likukwangue, jitahidi upate na mlango wa kichwa.

Umeme nao haraka haraka. Gari dogo ni volti 12, lori ni 24, hakikisha kamera au waya wake unakubali zote kama utabandika kwenye Fuso au Scania. Ukitaka irekodi gari likiwa limepaki, fundi waya aifunge kwenye fyuzi kwa kifaa kinachokata umeme betri ikishuka, la sivyo asubuhi ya Julai, na baridi ya Mbozi mnaijua, utaomba watu wakusukume. Waya wa pembeni usipitishwe mbele ya eabegi ya nguzo. Kamera ikae nyuma ya kioo cha kati, sehemu ambayo waipa inafika, usijizibe macho. Na kama unashuka Kamsamba au Dar, chagua yenye kapasita badala ya betri ya ndani. Joto la kioo likizidi, betri ndogo inavimba kama andazi.

Sasa tuje kwenye ile hatari niliyosema.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, simtaji hata kwa kabila, ana maduka na ana gari zuri. Alinunua kamera ya macho mawili, moja linatazama barabara, moja linatazama ndani. Siku moja bajaji ikamparua mlango, akaja nyumbani amejaa haki yake, akachomoa kadi akaichomeka kwenye televisheni sebuleni awaonyeshe mkewe na mashemeji waliokuwa wamekuja kusalimia. Bajaji ikaonekana, kila mtu akasema pole. Video ikaisha, ikaingia yenyewe ya jana yake. Sauti laini ya kike ikauliza, "Sasa Nakonde utanipeleka lini?" Akakimbilia rimoti. Mkewe akamwambia taratibu, "Acha iishe." Ikaisha. Mama akasimama, akachomoa kadi, akaisokomeza kwenye sidiria, akaenda kuwapakulia wageni chakula. Kadi ilikuwa ya GB 128, hesabu nimeshawapa hapo juu.

Mmecheka, ila hata kama wewe huna wa kumpeleka Nakonde, anayepanda gari lako naye ana maneno yake. Ukibeba abiria, mwambie kuna kamera ya ndani na inasikia. Na GPS inayoandika kasi haikuandikii ya wengine tu. Ukipita kwenye makazi na 78 wakati kibao kinasema 50, umejibebea tochi yako mwenyewe ya trafiki. Ukienda kumwonyesha afande kosa la mwenzio, chako kiko palepale chini ya picha. Mimi nikikaribia geti la forodha naizima kabisa, sitaki mazungumzo na mtu mwenye sare kuhusu kwa nini nilikuwa narekodi.

Lingine halina kicheko. Dereva mmoja wa abiria alikuwa anashuka Senjele, mnaujua ule mteremko ulivyokula watu. Mbele yake lori likaovateki mahali siyo, likakutana na bodaboda iliyokuwa inapanda upande wake vizuri kabisa. Kamera ilichukua yote. Dereva akasimama, akasaidia alivyoweza, na mikono ilikuwa bado inatetemeka alipoihamisha ile video kwenye simu na kuitupa kwenye grupu la madereva, kwamba jamani tahadhari, njia siyo nzuri. Nia yake naiamini. Ndani ya saa moja ilikuwa kwenye magrupu ya Mlowo, ya vikoba, ya kwaya. Mke wa yule kijana anauza nyanya sokoni. Alitumiwa na shoga yake aliyeandika, "Ona hii ajali, Mungu atunusuru." Akaitambua pikipiki, akalitambua koti. Hakuna askari wala mzee wa familia aliyekuwa amefika kumpa habari.

Tunayo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunaijua toka zamani. Lakini mimi ningesema hata zisingekuwepo. Video ya mtu anayekufa ina wenyewe, na wenyewe siyo grupu.

Tena ukiirusha unaiharibu. WhatsApp inaibana video, namba ya gari inapotea, saa ya faili inabadilika, mtu wa kati anaweka nyimbo ya huzuni na emoji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali mambo ya kielektroniki kuwa ushahidi, ila inaitaka mahakama iangalie yalivyotengenezwa, yalivyotunzwa na kama yamebaki kamili. Kitu kilichopita simu hamsini utasemaje kimebaki kamili? Chomoa kadi yenyewe, usikate kipande, usiongeze maandishi, weka kadi nyingine kwenye kamera uendelee na safari. Ile ya tukio ipeleke kituoni, ukiikabidhi hakikisha imeandikwa imepokewa na nani na saa ngapi, na ubaki na nakala nyumbani isiyotoka.

Yule dereva, kwa bahati, kadi yake hakuifuta. Siku ya tatu mzee mmoja wa stendi akamshika mkono wakaenda nayo polisi. Dereva wa lori alikuwa ameandikisha kwamba bodaboda alihama upande. Kadi ikasema hapana, na maelezo yakabadilika siku hiyohiyo. Bila hiyo kadi marehemu angezikwa na kosa lisilo lake, na familia ingeambiwa haina cha kudai kwenye bima ya lile lori.

Walipomwita mjane kuandika maelezo, afande alimuuliza kwa upole kama angependa kuiona video kabla ya kusaini. Akasema ameshaiona.